Shajara ya kufunga mwamba: miezi mitatu bila pweza

Jumapili, 9 Juni 2024

Mkutano wa shehia, yaani mtaa wetu chini ya sheha, umefanyika skulini baada ya sala ya alasiri. Shauri lilikuwa moja: tufunge sehemu ya mwamba kwa miezi mitatu, pweza asiguswe. Mimi ni katibu wa kamati ya wavuvi. Kuanzia leo nitaandika humu kila jambo la mradi huu, zuri na baya, ili atakayelishika daftari baada yangu ajue tulipita wapi.

Kwa asiyetujua: kisiwa chetu ni kidogo, kiko kusini mwa Pemba, jiwe tupu na minazi. Udongo wa kulima haba, visima vingi vina maji ya chumvichumvi. Bahari ndiyo konde letu. Wanaume wana madau, nyavu na madema. Wanawake wana mwani na pweza. Mwani bei yake haitulii, na kaskazi ikikaza, maji yakipata moto, unakatika kambani na kazi ya wiki nzima inakwenda na mkondo. Pweza ndiye pesa ya papo kwa papo. Mama akitoka pwani na pweza mmoja adhuhuri, jioni kuna unga, kuna sabuni, na daftari la mtoto limepatikana.

Lakini pweza siku hizi wamekuwa wadogo. Nilipokuwa darasa la tano, mama yangu alikuwa akimnyanyua pweza kwa kichwa na mikono yake ikaburura mchangani. Siku hizi tunaleta vipweza vya kukaa kiganjani. Tangu wachuuzi walipoanza kuja na mabarafu, na bei ikapanda kwa sababu pweza anapelekwa mpaka Ulaya, vijana wengi wamenunua miwani ya kupigia mbizi na mikuki. Anayefika wa mwanzo anachukua alichokikuta, hata kama ni mtoto wa jana.

Sheha alieleza vizuri. Jirani zetu wa Kisiwa Panza wametutangulia katika kazi hii. Mbali zaidi, kijiji cha Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, walifunga mwamba wao mwaka 2004, na vijiji vingi vya pwani ile vikaiga. Watu waliitikia kwa vichwa. Kisha bi mkubwa mmoja aliyekaa nyuma, karibu na mlango, akauliza: "Mwanangu katibu, huo mwamba mnaotaka kuufunga ni upi? Maana kuna mwamba wenu na kuna mwamba wetu."

Nilimjibu kwamba ramani ipo, ataoneshwa. Sikuelewa alichouliza.

Jumapili, 23 Juni

Leo nimeelewa.

Jana mwezi ulikuwa mpevu, bamvua, yale maji yanayojaa na kupwa kuliko siku nyingine, limeingia vizuri. Maji yamepwa kwenye saa nne u nusu, na nimefuatana na kina mama kumi na mmoja mpaka mwisho wa kukauka. Nilikuwa na ramani ya kamati mkononi. Kamati ilichagua eneo lililo mbele ya diko, pale vyombo vinapoegeshwa, kwa hoja moja: linaonekana ukiwa umekaa barazani, kulilinda hakuhitaji boti wala mafuta. Hoja ilionekana nzuri. Sahihi yangu iko chini ya ramani ile.

Kina mama walinionesha wanavyofanya kazi. Macho chini, hatua kwa hatua, wanatafuta shimo lenye vipande vya magamba ya kaa na makombe vilivyolimbikwa mlangoni, maana pweza akila hutupa mabaki nje. Kijiti kinaingia taratibu. Pweza akikishika, mwenye kijiti anajua kwa uzito wa mkono. Bi mkubwa wa siku ile alinionesha mashimo manne ndani ya hatua zisizofika hamsini, na kila moja analijua tangu ujana wake, kwa kuwa pweza akitoka, mwingine huhamia.

Tulipofika ukingoni, maji yanapoanza kuwa ya kina, aligeuka akanionesha kwa kijiti: kutoka pale tuliposimama mpaka ufukweni, pote pamo ndani ya mstari wa kamati. Upande wa pili, kwenye kina, pote ni wazi. "Huku kavu ndiko tunakokwenda sisi. Kule kuna wenye mitumbwi na miwani. Sasa nani anafunga, na nani anaendelea kuvua?"

Tulikuwa tumefunga ardhi yote ya wanawake na kuacha ya wanaume. Wajane wasio na mtumbwi wangekaa miezi mitatu bila senti, na pweza wale wale wakihamia ukingoni wangepigwa mikuki na vijana. Siku ya kufungua tungesema mradi umefanikiwa.

Nimerudi nikaichana ramani. Nimemwambia mwenyekiti kwamba sitaitia sahihi nyingine mpaka mstari ubadilike.

Jumatatu, 1 Julai

Siku nne za mabishano, sitayaandika yote. Mstari mpya umekubaliwa: eneo linalofungwa ni kama kipande cha mkate, linaanzia ufukweni upande wa kaskazini, linapita kwenye sehemu inayokauka, linavuka ukingo na kuingia kinani. Upande wa kusini wote, kavu na kina, unabaki wazi. Kila upande umetoa sehemu yake. Kulilinda ni kazi zaidi kwa sababu ukingo hauonekani kutoka barazani, kwa hiyo tunahitaji boti na petroli. Vijana wawili wamekubali kulinda kwa zamu ikiwa watalipiwa mafuta tu. Allah awalipe.

Jumamosi, 6 Julai

Mwamba umefungwa leo. Maboya ni madumu ya mafuta ya kula yaliyopakwa rangi nyekundu, yamefungwa kwa kamba kwenye mawe. Maalim wa madrasa alisoma dua ufukweni, na watoto wa skuli walikuja na walimu wao. Kusi lilikuwa linavuma kwa nguvu, boti ya maboya ilirudi imejaa maji nusu. Mpaka sasa yameelea yote.

Alhamisi, 18 Julai

Bamvua halijaingia bado, hakuna pwani ya maana, kwa hiyo tumekaa darasani kujibu maswali. Swali lililorudi mara nyingi ni la wazee: ikiwa kufunga ni kuzuri, kwa nini miezi mitatu, kwa nini tusifunge mwaka mzima?

Nayaandika majibu kwa urefu kwa sababu nitaulizwa tena. Pweza wetu, yule mkubwa wa mwambani anayetoka mchana, haishi sana. Umri wake ni kama mwaka mmoja, akizidi ni mwaka na miezi michache. Ndani ya muda huo mfupi anakua kwa kasi ya ajabu: akiwa mdogo anaweza kukaribia kuongeza uzito wake mara mbili kwa mwezi. Ndiyo maana miezi mitatu inatosha kumgeuza kipweza cha kiganjani kuwa pweza wa kuliwa na nyumba nzima. Jike hutaga mara moja tu maishani. Anajifungia shimoni, anayaning'iniza mayai darini kama vishada vya shanga ndogo, laki kadhaa, anayapepea maji na kuyalinda. Hali chakula. Yakishaanguliwa, anakufa. Kwa hiyo ukifunga mwaka mzima, wengi uliowalea watakuwa wameshakufa wenyewe mashimoni kabla hujafungua. Na watoto wanaoanguliwa hawabaki kwenye shimo la mama yao. Wanaelea na mikondo kwa wiki kadhaa kabla ya kutua mwambani, pengine kwetu, pengine kwa jirani.

Bibi mmoja alinyamaza muda, kisha akasema amewahi kumtoa jike na mayai yake, akashangaa kwa nini nyama yake ni nyepesi kama kitambaa. "Kumbe alikuwa amefunga, mwanangu, siku zote zile." Baada ya hapo hakuna aliyeuliza zaidi juu ya jike mwenye mayai. Wamekubaliana wenyewe kwamba, hata kwenye eneo lililo wazi, shimo lenye mayai halichokolewi.

Jumatatu, 5 Agosti

Bamvua la mwezi mwandamo. Hapa ndipo mradi unapouma.

Kina mama wote wamebanana upande wa kusini. Nimehesabu leo, wamefika thelathini na mbili mahali palipozoea watu kumi na kitu. Wengi wamerudi na chaza na makombe ya kitoweo tu. Mama mmoja mwenye watoto wanne, mumewe yuko dago, kambi ya uvuvi, upande wa Tanga tangu baada ya Idi, ameniambia dukani amekopa mpaka mwenye duka anamwonea haya. Hakulalamika. Alinieleza kama mtu anayetoa taarifa, akaniuliza zimebaki siku ngapi.

Nimelala na jambo hili. Nimesoma kwamba Rodrigues, kile kisiwa cha Mauritius, walipoanza kufunga uvuvi wa pweza kisiwa kizima mwaka 2012, wavuvi wa pweza walipewa kazi nyingine za kujipatia riziki wakati wa kusubiri. Sisi hatuna serikali ya kisiwa yenye fungu la kufanya hivyo, lakini fikra yenyewe ni sahihi. Anayeusubiri mwamba kwa faida ya wote asiachiwe njaa peke yake.

Nimeitisha kikao cha kikoba cha kina mama. Wamekubali kutoa mikopo midogo isiyo na nyongeza kwa wanachama kumi wenye hali ngumu, kulipwa siku ya kufungua. Kamati imeongeza kidogo kutoka kwenye fedha za maboya. Ningependa tungefanya haya kabla ya 6 Julai. Mwakani yatakuwa ya kwanza kabla ya dua.

Jumatano, 21 Agosti

Usiku wa kuamkia leo tumevamiwa. Mwezi mpevu, maji yamepwa usiku kama yanavyopwa asubuhi, na watu watatu wameonekana na tochi ndani ya maboya. Walinzi walikuwa na petroli ya kwenda bila ya kurudi, wakaenda, wakarudi kwa kasia.

Kijiji kizima asubuhi kilikuwa kinasema ni wageni wa dago. Hawakuwa wageni. Walikuwa vijana wetu, na mmoja ni mtoto wa mjumbe wa kamati. Baba yake ndiye aliyemleta mwenyewe mbele ya sheha, pweza saba kwenye kapu, wote wadogo. Kijana ametozwa faini sawa na ambayo angetozwa mgeni. Pweza wamepikwa skulini, wakaliwa na watoto. Naandika haya kwa heshima ya baba yule, maana angeweza kunyamaza na sisi tungeendelea kuwachukia wageni.

Petroli: lazima tuwe na akiba ya lita kumi kila bamvua. Bila hiyo, maboya ni mapambo.

Alhamisi, 12 Septemba

Kikao cha kupanga siku ya kufungua kimechukua saa tatu. Vijana wa miwani walisema bahari ni ya wote, mwamba ukifunguliwa ufunguliwe kwa wote saa ile ile. Neno hilo ni tamu, na mimi nalo lilinichukua kidogo. Lakini fikiria kinachotokea. Mwenye mtumbwi anafika juu ya mwamba wakati maji bado yako kifuani, mama hawezi kuingia. Mpaka maji yanafika magotini, mwamba umeshapekuliwa. Aliyefunga mkanda miezi mitatu anakuta mashimo matupu.

Mzee wa diko, ambaye huongea mara moja kwa kikao, ndiye aliyemaliza: "Wanangu, mkiingia juu ya mwamba wa mama zenu kabla yao, mtakula nini nyumbani jioni ile na nani atakipika?" Watu walicheka, vijana wakainamisha vichwa, na tukaandika:

Siku tatu za mwanzo, sehemu yote inayokauka ni ya miguu na kijiti tu. Miwani na mikuki ni nje ya ukingo. Chini ya nusu kilo anarudishwa shimoni. Bara sheria ya uvuvi inaweka kipimo hicho hicho, tumeona tukifuate. Mizani iwe miwili, mmoja wa kina mama, wasipange foleni nyuma ya matenga ya wapiga mbizi. Na fedha zitiwe mkononi mwa aliyevua mwenyewe, si kwa mume wala kaka.

Hili la mwisho lilipita kwa tabu kuliko yote.

Ijumaa, 4 Oktoba

Mchuuzi ameahidi kwa simu bei tuliyokubaliana, na barafu itakuja na boti ya alfajiri. Leo baada ya Ijumaa nimepita nyumba kwa nyumba kukumbusha watu saa. Hakuna nyumba niliyokuta wamelala. Wanawake wanasugua vijiti, watoto wamefua kapu. Dua tumeomba.

Jumamosi, 5 Oktoba

Sijui nianzie wapi, nitaanzia na maji. Mwezi Oktoba bamvua hukausha kuliko miezi mingi, na leo bahari ilijivuta mpaka tukaona mawe ambayo hatujayaona tangu mwaka jana. Saa tatu u nusu kina mama waliingia, mstari mmoja, kimya. Ukimya ule ulinitisha. Kisha mmoja akapiga kigelegele upande wa kaskazini kabisa, na baada ya hapo vigelegele havikukatika mpaka saa sita.

Pweza walikuwapo. Wakubwa. Mizani ya kwanza ilisoma kilo mbili na robo, ya pili kilo tatu. Mkubwa wa siku, kilo nne kasoro robo, ameletwa na yule yule bi mkubwa aliyeniuliza swali la Juni, na amemtoa kwenye shimo moja kati ya manne aliyonionesha. Alimweka mizanini mwenyewe, hakutaka mtu amsaidie. Vijana wa miwani nao wamepata vizuri nje ya ukingo, na hakuna hata mmoja aliyevuka mstari. Nilisimama pale kuwalinda, na sikupata kazi.

Lililoharibika: barafu. Boti ya alfajiri ilifika saa saba mchana, barafu nusu imeyeyuka. Kufika hapo mchuuzi akasema pweza ni wengi mno, bei ishuke. Ahadi ilikuwa ya simu, hakuna karatasi. Kina mama wengine waliuza kwa hasira, wengine walikataa wakarudi na pweza zao nyumbani. Jioni hii kisiwa kizima kinanukia pweza wa nazi, na kwenye kamba za nguo wamening'inizwa wa kukausha, kama bibi zetu walivyofanya kabla barafu haijajulikana hapa. Mkavu anakaa, na Unguja ana wateja wake. Tungekuwa tumejipanga kwa hilo tangu mwanzo, mchuuzi asingetuona tumebanwa.

Jumanne, 8 Oktoba

Siku tatu zimekwisha, eneo ni wazi kwa wote. Uzito umepungua kila siku, leo wengi ni wa kilo moja. Ndivyo inavyokuwa, hazina ya miezi mitatu inachukuliwa kwa siku chache. Wa kikoba wote kumi wamelipa. Mama yule wa watoto wanne amelipa duka kwanza, kikoba baadaye, na nadhani alipanga sawa.

Kila kilo ilikatwa shilingi 300 za mfuko wa mwamba. Zitanunua petroli na kamba, zinazobaki ni za mikopo ya kusubiria.

Malalamiko mawili ya haki: mizani ya wanaume ilisimamiwa na mtu mmoja bila shahidi, na mawe mengi ya matumbawe yamepinduliwa bila kurudishwa mahali pake. Jiwe likiachwa juu chini, vilivyokuwa vikiishi chini yake vinakufa kwa jua, na shimo la pweza limekwenda. Mwamba wetu umechoka tayari, kaskazi iliyopita maji yalikuwa ya moto na matumbawe mengi yaligeuka meupe. Hatuna ruhusa ya kuuongezea.

Jumapili, 3 Novemba

Kikao cha tathmini. Kamati imepata wajumbe wapya watatu wanawake, na bi mkubwa wa kilo nne ni mmoja wao. Kabla, mwanamke nilikuwa mimi peke yangu, na mimi siendi pwani tena tangu nilipoanza kazi ya karani. Nadhani ndiyo sababu sikuielewa ramani ile.

Tarehe za kufunga mara ya pili zimepangwa na kina mama. Ramadhani inatarajiwa mwanzoni mwa Machi, na wanataka fedha kabla ya mwezi kuandama, si ndani yake. Kwa hiyo tunafunga Jumamosi, 16 Novemba, na kufungua bamvua la katikati ya Februari. Wachuuzi wawili wataalikwa, bei kwenye karatasi, barafu ifike usiku wa kuamkia. Mikopo ya kusubiria itoke wiki ya kwanza.

Maboya sita hayakuonekana, kamba zilikatwa na kusi. Vijana wanatafuta madumu.

Bi mkubwa anataka safari hii tufunge kusini, kaskazini pakanyagwe kidogo kidogo, na anasema mpaka usipite penye mawe mekundu kwa sababu pale pweza hawakai tangu zamani. Kesho maji yanapwa saa tano. Nakwenda naye.